Maziwa Hayafiki Mapafuni

Jumapili. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa Mtaa wa Msimbazi wote unanuka matope na vitunguu vilivyolowa. Mgahawa sijafungua. Rehema, binti yangu, yuko madrasa mpaka mchana. Nimekaa peke yangu kwenye benchi la wateja, simu mkononi, na nimekasirika.

Nimemkasirikia mume wangu. Nimejikasirikia mimi. Na nimeyakasirikia maziwa.

Nianze na maziwa, maana ndiyo yaliyotukutanisha.

Kabla sijawa mama lishe nilikuwa muuza maziwa. Mama yangu mdogo alikuwa anachemsha nyumbani kwake Buguruni, mimi nabeba ndoo mbili zenye mifuniko mpaka kwenye magereji ya Gerezani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sauti kubwa kuliko mwili. Napita kwa wachomeleaji, kwa wanyoosha bodi, kwa wapaka rangi, napaza sauti: "Maziwa ya moto! Fundi, safisha kifua!" Vikombe vilikuwa vyangu, vya bati, sita tu. Kwa hiyo nikishamimina nasubiri mtu anywe, nisuuze, niendelee kwa mwingine.

Kila anayefanya kazi ya vumbi katika mji huu analijua neno hilo. Ukivuta vumbi, moshi au rangi mchana, jioni kunywa maziwa, yanasafisha kifua. Nani alianza kulisema sijui. Mimi nililikuta linasemwa, nikalifanya tangazo la biashara, na biashara ilikwenda.

Baba Rehema alikuwa fundi wa rangi za magari. Asubuhi anapiga msasa, mchana anapuliza rangi, jioni kope zake zina rangi ya gari la siku hiyo. Nimewahi kumwona na kope za kijani na nikamkuta mzuri tu. Maziwa alikuwa hayapendi kabisa. Hilo nililijua siku ya kwanza, maana alifumba macho na kubana pua kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Lakini kila siku alinunua, tena vikombe viwili, kimoja baada ya kingine. Nikasema moyoni, huyu ni mwanaume anayejali afya yake, hatanifia mapema. Nikampenda na kwa hilo pia.

Sasa ana mwaka mmoja na miezi mitatu yuko Omani.

Alikwenda kupaka rangi matangi. Wakala alimwambia matangi, mkataba ukasema matangi, na miezi minne ya kwanza yalikuwa matangi kweli. Kisha kazi ya rangi ikaisha, wakamhamishia kwenye mchanga.

Mchanga wenyewe ulinichukua muda kuuelewa. Aliponiambia anafanya kazi ya kumimina mchanga jangwani nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, nikamuuliza kama baharini nako wanaajiri wa kumimina maji. Akanieleza taratibu, anavyopenda kueleza. Huko chini sana, alisema, kuna gesi iliyobanwa ndani ya mwamba mgumu, haitoki kwa kutoboa tu. Basi wanachimba kwenda chini, wakifika wanalipinda bomba liende ubavuni, halafu wanasukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na dawa, kwa nguvu ya mashine nyingi kwa mpigo, mpaka mwamba unapasuka nyufa nyembamba. Mchanga unaingia kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge. Gesi inapata njia, inapanda. Huo mchanga hauokotwi jangwani. Unaletwa kwa malori, umechujwa, mweupe, chembe zake zimelingana. Kazi yake ni kufungua malori hayo na kuupeleka kwenye mkanda unaoupandisha kwenye mashine ya kuchanganyia.

"Ukifungua mlango wa lori," aliniambia, "unafuka kama mtu amepiga gunia la sembe."

Nilisikia neno sembe, nikafikiria ugali. Sikufikiria kifua.

Alikuwa anaringa na kazi ile, lazima niseme. Alisema gesi yao inawasha taa za miji, inaendesha viyoyozi vya hospitali, na bila viyoyozi mji ule mzee hamalizi mwezi wa sita. Yaliyokuwa yanamsumbua nayo aliniambia. Yale maji yakishafanya kazi mengine yanarudi juu, ya chumvi na yenye dawa, yanawekwa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki, na wameonywa wasiyaguse. Siku moja mchunga mbuzi alifika getini kuuliza kama kisima chake bado kiko salama. Wakamjibu maji yake yamepimwa, yako sawa. Baba Rehema anasema yule mzee alishukuru vizuri sana, kisha akasimama pale pale bila kuondoka.

Mimi nilishapekua mtandaoni. Wapo wanaosema uchimbaji wa namna hiyo unaharibu maji na pumzi za majirani. Wapo wanaosema ni afadhali hiyo kuliko makaa ya mawe, hewa ya miji imepata nafuu. Wanabishana vizuri kweli. Wote wanaongea kama watu wasio na mume kwenye mchanga.

Na mimi nina deni na gesi, sitaki kujifanya sina. Nilipoacha ndoo za maziwa nilifungua kibanda cha chakula, na miaka saba nimepika kwa mkaa. Wali, maharage, supu, samaki, majiko matatu kwa wakati mmoja, na kibanda kina mlango mmoja. Kifua changu kikaanza kupiga filimbi. Nikipanda ngazi za nyumba tuliyopanga nakaa katikati kupumzika, nawaambia watu natafuta ufunguo. Daktari wa zahanati ya Buguruni aliniambia bila kuzunguka: ni moshi, na ukiendelea kitakuja kubana moja kwa moja. Rehema naye alikuwa ameanza, maana alikuwa anafanyia kazi zake za shule kibandani, pembeni ya majiko.

Mshahara wa kwanza wa Omani ulileta jiko la gesi la mafiga mawili na mtungi mkubwa. Kabla ya chochote kingine. Kabla hata ya kiatu chake mwenyewe.

Sasa napanda ngazi zote nikiwa naongea. Dari la mgahawa ni jeupe. Rehema analala kimya, na kuna siku naamka kumsikiliza, naogopa ule ukimya, kisha nakumbuka kwamba ndivyo watoto wazima wanavyolala.

Nilishamuuliza mama Neema, Mchaga anayeuza gesi mtaa wa pili, mitungi hii inajazwa gesi kutoka wapi. Akasema inakuja na meli, kutoka Uarabuni huko na kwingineko, kwani nataka kuanza kuagiza? Najua gesi ya kina baba Rehema inaishia kwenye mabomba yao wenyewe. Hata hivyo asubuhi nikiwasha jiko najidanganya kidogo. Nasema hii imepita mikononi mwake. Halafu naweka sufuria.

Nimemkumbuka mtu yule mpaka nimekuwa mjinga. Upande wake wa kitanda nimeweka kapu la nguo zilizofuliwa. Mahali pengine papo, lakini nikigeuka usingizini nataka niguse kitu. Alikuwa na tabia ya kuimba akipiga mswaki, maneno hayaeleweki, povu linaruka mpaka kwenye kioo. Nilikuwa namgombeza kila siku. Kioo sasa ni kisafi mwezi mzima na sina raha nacho.

Basi Alhamisi jioni akanitumia sauti. Huwa anatuma sauti akirudi kambini, kabla ya kuoga. Alikuwa na furaha. Akasema: "Mama Rehema, umepata mpinzani! Nimegundua maziwa ya ngamia. Kuna mfugaji mmoja, Mbaluchi, anatuletea getini kila jioni. Sasa nakunywa vikombe viwili, siku nyingine vitatu."

Nikacheka. Akaendelea na habari nyingine, joto, chakula, mpishi mpya wa kambi anayetia iliki kwenye kila kitu. Mwishoni akakohoa. Si sana. Mara tatu, kavu, kisha akasema "samahani" kama mtu aliye mbele ya wageni, na sauti ikaisha.

Nikarudia kuisikiliza, na safari hii sikucheka.

Mume wangu hanywi maziwa kwa hamu. Hata chai ya maziwa anaikwepa. Katika maisha yetu yote amekunywa maziwa siku za vumbi tu, na siku ya vumbi jingi alikunywa zaidi. Kama sasa ni vikombe viwili mpaka vitatu kila jioni, basi mimi peke yangu duniani naweza kusoma kipimo hicho. Daktari wa kampuni hawezi. Msimamizi wake hawezi. Nikampigia. Nikamuuliza kama wanapewa barakoa. Akasema wanapewa, tena nzuri, za mpira, zina vichujio viwili mashavuni. Anavaa? Akasema inategemea. Inategemea nini? Joto, akasema, jasho linajaa ndani, na ukiivaa hakuna anayekusikia, huwezi hata kuimba.

"Unaivaa wapi basi?"

"Shingoni."

"Baba Rehema!"

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Jioni nasafisha."

Nasafisha. Hilo ni neno langu. Nililiuza Gerezani miaka miwili kwa sauti kubwa, na limemfuata mpaka jangwani.

Na hapa kuna jambo ambalo ningeweza kulinyamazia, lakini nikilinyamazia hapa nitalisemea wapi. Niliposikia kile kikohozi, kabla hofu haijafika, kuna kitu kilitangulia. Kilikuwa furaha. Kidogo sana, kama sekunde moja. Nilifikiri: sasa atarudi.

Sekunde hiyo imenitesa siku tatu.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya kliniki, ya kuangaliwa kifua. Daktari ni yule yule aliyenitenga na mkaa, dada mmoja mdogo kwangu, mpole lakini hana mzaha. Akanisikiliza mgongoni, akaniambia nivute pumzi, nishushe, akatabasamu.

"Mama Rehema, kifua kimetulia. Endelea hivyo hivyo na gesi yako."

Badala ya kushukuru nikamuuliza kuhusu maziwa. Nikamwambia kuna mtu anavuta vumbi la mchanga mweupe, laini, kila siku, lakini kila jioni anakunywa maziwa mengi. Yanamsaidia kiasi gani?

Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alichukua karatasi, akachora mabomba mawili yanayoanzia mahali pamoja. "Hili ni la chakula," akasema. "Hili ni la hewa. Maziwa yanapita hapa, yanakwenda tumboni. Yakikosea njia yakapita huku, unafanya nini?"

"Napaliwa."

"Basi. Kama maziwa yangekuwa yanafika mapafuni, kila anayekunywa angekuwa anapaliwa."

Mtu mzima, nimezaa, nimewalisha mafundi nusu ya Gerezani, na sikuwahi kuliwaza jambo jepesi namna hiyo. Kila mmoja wetu ameshapaliwa. Kila mmoja anajua maji yakienda njia ya hewa kinachotokea. Lakini bado tunakunywa, tunajifuta midomo, tunasema kifua kimesafishika.

Nikamuuliza kuhusu mchanga wenyewe. Akasema vumbi unaloliona si la kuogopwa sana, pua inalikamata, unalikohoa. La kuogopwa ni lile lisiloonekana, chembe ndogo kabisa za mchanga uliovunjika. Hizo zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, zinakaa, na mapafu yanaweka makovu kuzunguka. Kovu halioshwi, akasema, si kwa maziwa wala kwa dawa yoyote aliyonayo. Kinachosaidia ni vumbi lisiingie: barakoa inayobana vizuri uso, mchanga kulowanishwa au kufunikwa usifuke, na mtu kupigwa picha ya kifua mapema, asingoje kuchoka.

"Huyo mtu ni nani?" akauliza.

Nikamjibu ni jamaa tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha ya mtu mwingine. Nilifika mlangoni, nikarudi, nikamwambia ni mume wangu. Akaandika jina la barakoa na neno la kumwambia daktari wa huko, akanikabidhi karatasi pamoja na ule mchoro.

Jana nikaenda Gerezani. Nilijiambia nakwenda kumsalimia fundi Shomari, aliyemfundisha baba Rehema kazi ya rangi. Ukweli ni kwamba nilitaka kujaribu kulisema lile jambo mbele ya mtu, nione linavyotoka mdomoni.

Nilimkuta amekaa juu ya tairi, mzima mzima mweupe wa vumbi la msasa, na pakiti ya maziwa mkononi. Siku hizi wananunua ya pakiti.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, shemeji! Za Omani?"

Nikatoa mchoro, nikamweleza. Bomba hili, bomba hili. Akaufuatilia mchoro mpaka mwisho, akanyonya maziwa yake.

"Shemeji, miaka ishirini na tano nakunywa haya. Yasingekuwa yanafanya kazi si ningeshakufa?"

"Na kile kikohozi chako cha asubuhi?"

"Kile cha sigara."

"Wewe huvuti sigara."

Akafikiri kidogo. "Cha sigara za wateja."

Tulicheka wote, na kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea kupita mahali pa mzaha. Alipomaliza macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia apige msasa wa maji, vumbi litalala. Akasema msasa wa maji unachelewesha. Nikamwambia mbona sisi Kariakoo hatufagii bila kunyunyiza maji kwanza, na hakuna anayelalamika kachelewa. Akajipangusa vumbi magotini. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kichwani tangu jana.

"Mimi utaniambia, mimi niko kwetu. Lakini yule ukimnyang'anya maziwa, kule atabaki na nini?"

Nilidhani anazungumzia imani. Nikamjibu kwamba atabaki na mapafu.

Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, nilikaa hapa kurekodi. Sauti ya kwanza ilikuwa ya ugomvi, nikaifuta. Ya pili nililia kabla sijafika popote, na mtu aliye jangwani hatumiwi kilio cha mkewe asubuhi. Nikaifuta.

Ya tatu ilikuwa nzuri. Ilikuwa tulivu na ya kushawishi. Nilimwambia daktari wa hapa amesema arudi mara moja, mwezi huu huu, kila siku moja ni hatari. Daktari hakusema hivyo. Nilikuwa nimeshaweka kidole tayari kutuma, na nilishaanza kuona mlango wa uwanja wa ndege ukifunguka, na begi lake la kijani.

Kidole kikakataa. Nilishamuuzia uongo mmoja kuhusu kifua chake, nikiwa siujui kama ni uongo. Huu ningeuuza nikiujua.

Ya nne ndiyo niliyotuma. Nimeisikiliza tena sasa, ni mbaya, ina mikwaruzo ya mvua na katikati kuna mtu nje anauliza kama kuna chapati. Nilimwambia hivi: baba Rehema, yale maziwa niliyokuwa nakuuzia hayafiki mapafuni, nilikuwa sijui, nisamehe. Nikamsomea karatasi ya daktari yote. Nikamwambia barakoa ni ya usoni, si ya shingoni, na akamwombe mkuu wa zamu apigwe picha ya kifua. Halafu nikavuta pumzi, pumzi yangu hii mpya aliyoninunulia, nikamwambia la pili. Nilimwambia nakutaka nyumbani. Hili si la vumbi. Hata vumbi lisingekuwepo ningekutaka. Usiyachanganye, yaweke mbalimbali, kila moja ulijibu peke yake.

Nikatuma. Nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Jibu limekuja saa saba kasoro. Mwanzo nilidhani simu imeingia maji, maana sauti ilikuwa inatoka mbali, nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Nikaiweka sikioni, nikaziba sikio la pili.

"Mama Rehema. Unanisikia? Nimeivaa. Nimeivaa hii takataka, sikiliza mwenyewe." Hapo akaimba mstari mmoja, na haukueleweka kitu, kama zamani tu. Kisha akaendelea. "Kikohozi kipo, sikufichi, kina kama miezi miwili. Nimeshamwambia mkuu wa zamu. Jumanne wananipeleka mjini kupigwa picha."

Kisha sauti ikakwaruza, nikadhani imeisha.

"Na hayo maziwa," akasema, "mimi sijawahi kuyaamini hata siku moja. Ulikuwa na vikombe sita. Mtu akinunua, unasimama kusubiri kikombe. Kikombe kimoja unasimama kidogo. Nikinunua viwili, unasimama mara mbili. Basi. Huku nikinywa haya ya ngamia nafumba macho, nabana pua, na naona bado umesimama pale pembeni unasubiri kikombe chako. Usiniombe msamaha. Na la pili nimelisikia. Nitakujibu nikishaiona hiyo picha, nikujibu kama mtu mzima."

Ni sauti mbaya kuliko zote alizowahi kunitumia. Nusu ya maneno nimeyapata kwa kurudia. Nimeisikiliza mara saba.

Miaka yote hii nilidhani nimeolewa na mwanaume anayejali afya yake.

Sijui picha itasema nini. Miezi miwili ya kikohozi si kitu cha kutabasamia, na daktari alishasema kovu halioshwi. Jua limetoka, madimbwi ya mtaani yanafuka mvuke, na kutoka leo mpaka Jumanne ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka Omani. Nimejiahidi mambo mawili. Jumanne asubuhi sitampigia kabla ya yeye kunipigia. Na kesho nikifungua, nitampelekea fundi Shomari barakoa, nisimame pale pale mpaka aivae.

Rehema atarudi muda si mrefu. Kabla hajarudi nimefanya jambo la kijinga. Nimenunua pakiti ya maziwa dukani kwa jirani, nikawasha gesi, nikayachemsha. Kwenye kabati bado nina vikombe vya bati, vimebaki vitatu. Nikamimina viwili.

Hayafiki mapafuni, sasa najua. Cha kwanza nimekinywa kwa haraka. Cha pili nimekifumbia macho, nikanywa taratibu sana, ili anayesubiri kikombe asiondoke upesi.